Ufa wa Ubeti wa Tatu

Jumamosi ile asubuhi Wilf Colclough alivaa tai yake ya mazishini, maana hakuwa na nyingine, na mkewe Enid akamwambia anafanana na mtu anayekwenda kujizika mwenyewe. Enid alikuwa anatania tu. Hakujua kwamba amegonga ndipo. Mzee huyu wa miaka themanini na moja, aliyewahi kupiga dramu katika bendi ya Saggars ya hapo hapo Burslem, mji wa wafinyanzi wa Uingereza, alikuwa amekata shauri kwamba leo atasimama mbele ya watu wa mji wake na kusema jambo alilolificha kwa miaka sitini.

Siku aliyoichagua ilikuwa mbaya kuliko zote. Jumba la Heshima la Muziki wa Roki lilikuwa limemtuma mjumbe kutoka London aje asikilize kama Saggars wanastahili kuingizwa humo pamoja na wakubwa wa zama zao. Mjumbe huyo hakuja kwa bahati. Aliletwa na barua za Nigel Podmore, tarishi mstaafu, aliyebeba barua za watu kwa miaka thelathini kisha akaanza kuandika zake. Kwa miaka ishirini na miwili Nigel aliliandikia Jumba hilo bila kuchoka wala kujibiwa, na kila barua ilikuwa na jina la Wilf ndani yake.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwaka wa 1966 vijana wanne wa Saggars walikwenda London kurekodi wimbo wao, Jumatatu ya Kufua. Wilf alichukua dramu zake, na juu ya hizo akabeba kianikio cha taulo cha mama yake, akaning'iniza sahani tano juu yake, kila moja na sauti yake, akawa anazigonga kwa kijiti. Walifika salama. Lakini katikati ya kurekodi, ubeti wa tatu, sahani ya katikati ilipasuka ufa ikaacha kulia. Mtayarishaji, mtu wa koti la mahameli na mdomo usio na mahameli hata kidogo, alimwambia: "Wewe kusanya vyombo vyako vya jikoni urudi kwenu. Kesho namleta mpiga dramu wa kweli na kengele za kweli."

Wilf akapanda treni peke yake. Wenzake watatu walibaki, na waliporudi hawakutaja kitu, naye hakuuliza, maana ukiuliza utajibiwa. Wimbo ulipotoka aliusikia mara moja redioni. Akasikia kengele zikilia chini ya magitaa, akazima. Tangu siku hiyo wimbo ule ukipigwa mahali popote Wilf huinuka kwenda msalani, na watu wa Burslem wote wanaamini ana kibofu kibovu. Wamemnunulia bia kwa ajili ya dramu zile, wamempigia makofi harusini, na yeye amekunywa na amecheka. Wenzake watatu sasa wako makaburini. Kilichobaki ni yeye na aibu yake.

Enid naye hakuambiwa. Aliona tu mambo. Aliona, kwa mfano, kwamba mumewe hakubali kuitupa sahani moja yenye ufa, ambayo miaka yote hii imekaa dirishani chini ya chungu cha maua. Enid alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha vyombo vya udongo kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kugonga kila chombo na kusikiliza: kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Mtu wa kazi hiyo hali kwenye sahani mbovu, na nyumbani kwake hakuna kikombe chenye alama hata ya nywele kilichowahi kufika mezani. Mara mia amesema itupwe, mara mia Wilf amekataa bila kutoa sababu.

"Umekula?" Enid alimwuliza mlangoni.

"Sina njaa."

"Wewe? Chapati za shayiri zenye jibini, na wewe huna njaa?" Akamtazama vizuri. "Wilf, una nini?"

"Twende tu, mke wangu. Tutachelewa."

Ukumbi wa kanisa la Methodisti ulijaa watu kama sitini, wengi wao na fimbo zao. Nigel alikuwa amepanga viti tangu alfajiri na kubandika picha za zamani ukutani. Mjumbe, mama mmoja wa makamo aitwaye Marian Strickland, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa ameketi mbele na kompyuta yake. Mgeni njoo mwenyeji apone, na wenyeji walikuwa wamempikia keki tatu na kummiminia chai mpaka akawa anafunika kikombe kwa mkono.

"Nitasema wazi," alianza Marian. "Saggars walitoa albamu moja. Wimbo wao mkubwa ulifika namba thelathini na nane, kisha ukashuka. Wenzangu wanane kwenye kamati wananiuliza, kwa nini hawa? Nimekuja mnipe jibu."

Nigel alisimama. Jalada la barua lilikuwa kifuani, amelikumbatia kama mtoto.

"Mama, hapa Burslem tunajua saggar ni nini," alisema. "Ni boksi la udongo mbaya mbaya. Unaweka kikombe ndani yake, unakiingiza tanurini, na boksi ndilo linalokula moto. Kikombe kinatoka kinang'aa, kinapelekwa ikulu. Boksi linatupwa nyuma ya kiwanda. Bendi yetu ndiyo hivyo. Hizo kengele za Jumatatu ya Kufua, mwaka mmoja baadaye kila bendi ya London ilikuwa nazo. Na ule ubeti wa tatu, pale mlio unapokauka ghafla ukawa mkavu kama kuni! Nani kabla yao alithubutu? Nimeandika kuhusu ubeti ule barua arobaini na moja."

"Tunajua," ilisema sauti kutoka nyuma. "Posta nzima inajua."

Watu wakacheka. Huyo alikuwa Sid Machin, mpiga gitaa wa bendi iliyokuwa hasimu wa Saggars enzi hizo, mzee mwenye sikio zuri na moyo mgumu. Alikuwa amekuja na kinyongo chake chote, amekipiga pasi.

"Mimi nauliza tu," Sid aliendelea. "Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa kitu kimetembezwa kwa barua miaka ishirini na miwili, nikiiteje?"

"Na bendi yako, Sid?" Nigel alimgeukia. "Yenyewe haikujiuza wala haikutembezwa. Ilikaa ndani tu, ikaota kutu."

"Angalau sisi tulipiga magitaa. Hatukupiga kengele za mbuzi!"

Ukumbi ukavurugika. Mmoja alisema Saggars ndio walioimba habari za mama zao kufua nguo na masizi kuzichafua tena kabla hazijakauka, na kwamba yeye alilia aliposikia redio inataja maisha yake. Mwingine akasema kulia si ushahidi, yeye hulia hata kwa vitunguu. Wilf alisikiliza yote hayo akiwa amekaa safu ya mbele, mikono magotini, na kila neno zuri lilimchoma kuliko yale mabaya. Alimpenda Nigel. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Akinyamaza, atavishwa heshima ya mikono ya mtu mwingine mpaka afe. Akisema, anamvunja mtu aliyemwamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Alisimama. Watu wakadhani anakwenda msalani, wakampisha.

"Sisogei," alisema Wilf. "Kaeni. Nina neno."

Akalisema. Alilisema kwa kifupi, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe: treni, koti la mahameli, sahani iliyopasuka, mpiga dramu wa kesho yake. "Kwa hiyo dramu mnazozisifu si zangu, na hizo kengele si zangu. Sijui hata jina la aliyezipiga. Bendi ilikuwa nzuri, mama, nakuapia, wale watatu walikuwa wazuri. Waandike wao. Mimi mnifute."

Nigel aliketi polepole, jalada likateleza, barua zikamwagika sakafuni, naye hakuinama kuziokota.

"Ungeniambia tu, Wilf," alisema. "Miaka yote hii. Ungeniambia mimi."

"Nilikuwa naona haya, ndugu yangu."

Enid alikuwa anamtazama mumewe kwa macho makavu. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya uongo ule. Ilikuwa ya kwamba mtu amelala ubavuni mwake miaka hamsini na minane na mzigo mzito hivyo, asimwombe hata ashike upande mmoja.

Marian alivua miwani. "Mzee Colclough, una hakika kwamba huyo mtu alikuja kupiga?"

"Niliambiwa."

"Na wimbo wenyewe umeusikiliza?"

"Mara moja."

"Katika miaka sitini?"

"Aibu ukishaionja, mama, huombi kuongezewa."

Marian akaifungua kompyuta. "Sikiliza. Mwaka jana ule mkanda wa awali ulipatikana kwenye ghala. Kwenye boksi hakuna majina, kwa hiyo sijui nani alipiga nini. Lakini sauti zimetenganishwa: magitaa kivyake, waimbaji kivyao, dramu kivyake. Nilikuwa nimepanga kuwachezea dramu mwishoni kama zawadi. Naona tuzisikilize sasa hivi."

"Sisikilizi," alisema Wilf, akageuka kuelekea mlangoni.

Enid alimdaka mkono wa koti. "Kaa."

"Enid..."

"Nimesema kaa. Leo huendi chooni."

Akakaa. Spika zikavuma, kisha dramu zikaanza, peke yake, bila magitaa ya kuzifunika. Juu ya dramu ukaja ule mlio mwembamba, mmoja baada ya mwingine, ngi, ngi, ngi, ambao watu wamezoea kuuita kengele. Wilf alikuwa amekodolea macho viatu vyake. Enid alifumba macho, akainamisha kichwa upande wa kushoto. Wanawake watatu wanne waliowahi kufanya kazi naye waliliona lile pozi wakaguswa, maana ndivyo alivyokaa kwenye meza yake ya kiwandani kila siku ya Mungu.

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukaanza, na Enid akanyoosha mkono juu.

"Simamisha hapo. Rudisha nyuma kidogo."

Marian akarudisha. Ngi, ngi, ko, ngi.

"Tena."

Ngi, ngi, ko, ngi.

"Hiyo haijakauka, Nigel," alisema Enid akiwa bado amefumba macho. "Na hizo si kengele. Hizo ni sahani, za kwetu, na hiyo ya katikati ina ufa. Umeanzia ukingoni, umeingia kama inchi mbili."

"Shemeji, una hakika?" Nigel alikuwa amesimama tena.

"Nimegonga vyombo miaka thelathini na mmoja. Wewe ukiona barua hujui kama ni barua?"

Wilf akabaki amekaa, mdomo wazi, akisikia kwa mara ya kwanza mikono yake mwenyewe ya miaka ishirini na moja ikienda kasi kule kwenye spika, bila woga wowote.

"Ngoja," alisema Marian, na sauti yake ilikuwa ya upole lakini ya kazi. "Ninataka iwe kweli kama mnavyotaka nyinyi. Ila nikirudi London nikisema mkewe amesikia ufa, watanicheka. Sauti peke yake inaweza kuwa kitu chochote."

"Basi uletewe sahani yenyewe," alisema Enid. "Iko dirishani kwangu, ina maua juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema. Huyu mume wangu hakuziba wala hakujenga. Aliuwekea chungu."

Nigel alishatoka mbio na ufunguo wa Enid, kama magoti ya mtu aliyepanda vilima vya Burslem miaka thelathini yanaweza kuitwa ya mbio. Sid Machin alimtazama akichechemea mlangoni, akatukana kwa sauti ya chini, akatoa funguo mfukoni.

"Ingia kwenye gari, mjinga wewe!" alimpigia kelele. "Utakufa kabla hatujajua mwisho wake."

Walirudi baada ya robo saa, Nigel ameibeba sahani kwa mikono miwili, udongo wa maua umemjaa kwenye shati. Enid aliipangusa kwa leso. Ufa ulikuwa pale pale, umeanzia ukingoni, inchi mbili na nusu. Aliishika kwa ncha za vidole vitatu, kama ishikwavyo, akampa Wilf kijiko cha chai.

"Gonga."

Wilf aligonga. Ko.

Marian akacheza mkanda. Ko.

Watu wakaanza kupiga makofi, lakini Marian aliinua mkono. "Kuna yeyote hapa mwenye sikio, ambaye hana sababu ya kuwapendelea?"

Watu wote sitini wakamgeukia Sid Machin. Mzee yule alikuja mbele kwa kujivuta. Alisikiliza mkanda, akasikiliza sahani, akataka tena mkanda, akataka tena sahani. Alikuwa na nafasi ya kulipiza kisasi cha maisha yake yote, na kila mtu ukumbini alilijua hilo, Wilf kuliko wote.

"Ni noti ile ile," alisema Sid hatimaye. "Imeshuka kidogo sana. Mimi pia nimeshuka." Akamtazama Wilf, akatingisha kichwa. "Kumbe ulikuwa wewe, mshenzi wewe. Miaka yote najaribu kujua umetoa wapi ule mlio."

Hapo ukumbi ulilipuka. Nigel alilia bila kujificha, na aliyesema hulia hata kwa vitunguu akalia bila kitunguu. Kama yule mpiga dramu wa kweli alikuja siku ya pili au hakuja, kama alipiga wakaona takataka, hakuna atakayejua sasa. Waliojua wamelala makaburini, na mmoja wao, huenda ikawa, alidhani Wilf anajua kuwa zile ni dramu zake.

Marian alikuwa anaigeuza sahani mikononi. Kwenye mji wa wafinyanzi mgeni hujifunza haraka kugeuza sahani na kuangalia chini yake. "Hii namba kumi na nne ya wino ni ya nini?"

Enid, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiona haya, aliona haya.

"Ni yangu," alisema. "Kila mkaguzi alikuwa na namba yake. Ukigonga ukaona chombo ni kizima, unatia namba." Akamgeukia mumewe. "Siku ile ulipokuja mezani kwangu na nywele zako zile, unataka sahani tano zenye sauti tano, nilikugongea kama ishirini. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ile ya katikati ilikohoa, Wilf. Kidogo tu. Niliisikia. Ilikuwa na ufa wa nywele tangu siku ile. Lakini ulikuwa unanitazama, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilitaka uondoke umeridhika ili urudi tena. Nikatia namba. Ndiyo sahani mbovu pekee niliyowahi kuipitisha maishani mwangu. Nilipoiona umeirudisha kutoka London imepasuka, nikajua ni kosa langu, nikawa nakuomba uitupe nisiione."

Wilf akaanza kucheka, na Enid naye akacheka, wakacheka mpaka tai ya mazishini ikaja upande wa sikio. Wazee wawili waliofichana kitu kimoja miaka sitini, kila mmoja akidhani ni chake peke yake.

Marian aliwaambia kamati itakaa mwezi wa Novemba. "Tuko tisa," alisema, "na siwezi kuwasemea wanane. Kura yangu mimi ninayo tayari, na nitakwenda na mkanda huu, na nitawasimulia yote." Nigel akamwuliza kama barua moja zaidi ingesaidia. Marian akasema, kwa heshima zote, hapana. Kisha akauliza kama wangependa kuusikia wimbo mzima, na magitaa yake na waimbaji wake. Watu wakamtazama Wilf, wengine wakaanza kumpisha njia kwa mazoea. Hakusogea. Alikaa mpaka mwisho, na ubeti wa tatu ulipofika aligonga goti lake mahali penyewe.

Saa saba walikuwa nyumbani. Chungu cha maua Nigel alikuwa amekiweka ndani ya sufuria ya Enid, na siku nyingine yoyote lingetokea neno. Enid aliosha sahani kwa maji ya moto, mara mbili, akaifuta. Akapasha chapati ya shayiri yenye jibini, akaisimamia kidogo, kisha akafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika katika nyumba ile. Aliiweka kwenye sahani yenye ufa, akampelekea mumewe mezani.

"Kula taratibu," alimwambia. "Ikikatika hiyo, hatuna ushahidi mwingine."

Wilf alikula yote.